Shuka, nailoni, maji au moshi: ipi itaokoa nyanya zako usiku wa jalidi?

Nyanya iliyopigwa na jalidi haionekani imekufa alfajiri. Saa kumi na mbili asubuhi majani yake bado ni ya kijani, ila yamekakamaa, ukiyakunja yanavunjika. Jua likishapanda, kwenye saa tatu, yanalegea na kugeuka rangi kama mchicha uliotolewa sufuriani, huku yakitoa maji. Jioni yake ni meusi. Kilichotokea ni kwamba maji yaliyo kati ya seli za jani yaliganda kwanza, barafu hiyo ikafyonza maji yaliyo ndani ya seli, na utando wa seli ukaharibika. Barafu ikiyeyuka, hakuna tena kinachoyashika maji hayo. Ndiyo maana hakuna dawa ya kupulizia asubuhi itakayolirudisha jani hilo. Kazi yote ni ya kabla jua halijazama.

Ulinganisho huu ni wa bustani ya nyumbani, yenye matuta machache ya upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, katika nyanda za juu: Makete, Njombe na Mufindi upande wa Tanzania, Kinangop, Ol Kalou, Molo na Limuru upande wa Kenya. Baridi hii ya usiku inayogandisha mimea wapo wanaoiita sakitu, na wengi husema tu kwamba barafu imepiga. Hapa tutaiita jalidi.

Joto la kuokoa mmea liko ardhini

Mchana ardhi hula jua. Usiku hulirudisha joto hilo juu, na kama anga ni jeupe lote hupotelea angani. Wingu likiwepo, hulizuia na kulirudisha chini kama blanketi. Upepo ukiwepo, huchanganya hewa ya chini iliyopoa na ya juu yenye joto kidogo. Jalidi huja pale vyote viwili vinapokosekana: mawingu hakuna, upepo umelala. Jani linalotazama anga hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka, kwa hiyo kipimajoto ulichokitundika ukutani usawa wa kichwa kinaweza kusoma nyuzi 3 huku jani la haragwe kule chini likiwa tayari kwenye 0.

Hapo ndipo wengi hukosea kalenda. Baridi ya mchana na jalidi ya usiku ni vitu viwili tofauti. Limuru mwezi wa Julai ni baridi kutwa kucha, lakini wingu zito la msimu huo huilinda bustani. Hatari ya Nyandarua na Bonde la Ufa la juu huwa kubwa zaidi Desemba hadi Februari, wakati wa kiangazi, anga likiwa wazi. Makete na Njombe ni kinyume chake: kiangazi chao huangukia Juni hadi Agosti, yaani baridi na anga jeupe hukutana katika miezi ileile. Fuata anga la kwenu, usifuate mwezi uliosikia kwa jirani wa nchi nyingine.

Basi kila kinga ipimwe kwa swali moja: inafanya nini na joto la ardhini? Inalihifadhi, inaliongeza, au hailigusi kabisa? Jedwali hili linatoa picha ya jumla, na nyuzi zake ni za kukadiria, maana kila bustani ina udongo na mkao wake.

| Njia | Inaongeza nyuzi ngapi | Kazi | Inapoangusha watu |
|---|---|---|---|
| Shuka au blanketi kuukuu juu ya fito | 2 hadi 3 | Kufunika na kufunua kila siku | Likilowa, au lisipofika chini |
| Nailoni pekee | 1 hadi 2 | Kufungua mapema asubuhi | Jani likigusa nailoni. Joto kali la mchana |
| Shuka ndani, nailoni nje | 3 hadi 4 | Nyingi | Kusahau kufungua |
| Kulowesha ardhi mchana | Kama 1 | Siku moja kabla | Udongo uliotifuliwa muda mfupi kabla |
| Moshi | Karibu 0 | Usiku kucha | Karibu kila mara |

Shuka dhidi ya nailoni

Mtu akisikia neno kinga hukimbilia nailoni angavu, kwa sababu ndiyo inayotumika kwenye kitalu nyumba. Lakini nailoni ya kawaida huruhusu sehemu kubwa ya joto linalotoka ardhini kupita na kwenda zake. Inazuia upepo na inashika umande kwa ndani, na umande huo husaidia kidogo. Zaidi ya hapo, usiku wa anga jeupe mmea ulio chini ya nailoni nyembamba hauko mbali na ule wa nje. Tena jani likigusa nailoni, pale pale linapogusa ndipo linapoganda. Utaliona siku ya pili: doa jeusi kwa umbo la mguso, sehemu nyingine nzima.

Kitambaa kizito hulizuia joto vizuri zaidi, nacho hakiui mmea asubuhi ukichelewa kidogo. Shuka kuukuu, blanketi, gunia la katani lililofumuliwa, hata kanga mbili zilizopangwa juu kwa juu, vyote vinafaa. Udhaifu wake ni maji. Kitambaa kilicholowa hupitisha joto, huwa kizito, na huvunja matawi. Kama umande wa kwenu huanza mapema, tandika nailoni juu ya kitambaa, nayo ikae kama koti la mvua tu. Mchanganyiko huo ndio wenye nguvu kuliko vyote katika bustani ndogo.

Namna ya kufunika ina uzito kuliko aina ya kitambaa. Kosa linaloonekana kila kijiji ni kuuvika mche kofia: gunia linafungwa kwa kamba kwenye shina, juu limefunikwa, chini pamebaki wazi. Mmea hauna joto lake mwenyewe la kuhifadhi. Joto linatoka kwenye udongo, na kofia ya aina hiyo imelifungia nje. Kifuniko lazima kishuke hadi ardhini pande zote na kibanwe kwa udongo au mawe, ili udongo ulio chini yake upumulie ndani.

Kwa tuta la mita 1 kwa 10, pasua fito 11 za mianzi, kila moja mita 2.2. Zikunje upinde na kuzichomeka sentimita 30 kila upande, moja kila mita. Upinde utasimama karibu nusu mita juu ya tuta. Pitisha kamba ya katani kutoka kilele cha upinde wa kwanza hadi wa mwisho, uifunge kwenye vigingi pande zote mbili, la sivyo blanketi litabonyea katikati na kuyalalia majani. Kifuniko chenyewe kiwe na upana wa mita 2.2 na urefu wa mita 12, kibakie cha kufukia pembeni na kwenye ncha. Nyanya ndefu zilizofungwa kwenye miti hazitaingia humo. Kwa hizo simamisha fremu ya miti mirefu, au kubali kwamba aina ndefu si ya bustani yenye jalidi na upande nyanya fupi.

Funika kabla ya saa kumi na mbili jioni, udongo ukiwa bado na joto. Ukisubiri saa nne usiku, unafungia baridi. Asubuhi funua barafu ya nje ikishayeyuka, saa mbili na nusu hivi au saa tatu. Kwa nailoni usicheleweshe kabisa: jua la nyanda za juu ni kali, na kufikia saa tano ndani ya handaki lililofungwa, yaani nafasi iliyo chini ya kifuniko, joto hupanda hadi kuunguza miche iliyonusurika usiku.

Ukiwa na madumu ya lita 20, yajaze maji na kuyapanga katikati ya tuta, moja kila mita, yaote jua mchana. Dumu moja likipoa nyuzi 10 usiku, limeachia joto la kilojuli 840 hivi ndani ya handaki. Nje bila kifuniko joto hilo linapotea bure. Chini ya kifuniko linabaki na mimea. Kwa mche mmoja mmoja, chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako hutosha, kizibo kikifungwa usiku na kufunguliwa mchana.

Maji: mambo mawili tofauti yenye jina moja

Ukimwambia mtu "mwagilia kuzuia jalidi", mmoja ataelewa kulowesha ardhi mchana, mwingine kunyunyizia majani usiku. La kwanza ni rahisi na salama. La pili ni kazi ya mashamba makubwa yenye mitambo, na nyumbani mara nyingi huharibu.

Udongo mkavu uliotifuliwa umejaa hewa, na hewa haipitishi joto. Jua la mchana huishia juu juu, na usiku hakuna akiba. Udongo uliolowa na kushikana hulipokea joto hadi chini na kulirudisha usiku kucha. Lengo ni kulowesha sentimita 30 za juu. Kwa tuta la mita 1 kwa 10 lililoanza kukauka, hiyo ni kama lita 200 hadi 250, yaani madumu 10 hadi 12. Mwagilia asubuhi, siku moja kabla ya usiku unaoushuku, ili jua lipate mchana mzima wa kupasha. Mwaga kwenye udongo, usimwage kwenye majani. Na usipalilie kwa jembe wiki hiyo. Magugu ng'oa kwa mkono.

Kunyunyizia usiku hufanya kazi kwa sababu maji yakiganda hutoa joto, na joto hilo hulishika jani kwenye nyuzi 0 hivi. Lakini lazima maji yaendelee kuja. Ukisimama, barafu iliyo juu ya jani huanza kupoteza unyevu hewani, na uvukizi hula joto zaidi ya mara 7 ya lile lililotolewa na maji yaleyale yalipoganda. Mmea ulionyunyiziwa kwa saa mbili ukaachwa hufa vibaya kuliko ambao haukuguswa. Hesabu yenyewe ni hii: kwa bustani ya mita 10 kwa 10, milimita 3 kwa saa ni lita 300 kila saa. Kuanzia saa nane usiku hadi saa mbili asubuhi ni lita 1,800. Pampu ikizimika saa kumi, umeshindwa. Barafu nayo ina uzito: matawi ya nyanya huvunjika, na maji yote hayo yakituama hukaribisha mnyauko na ukungu. Kwa bustani ya jikoni, achana nayo.

Moshi na matandazo

Kuchoma matairi au nyasi mbichi ili moshi utande juu ya bustani ni desturi ya siku nyingi, na inasikitisha kuona watu wakikesha kwa ajili yake. Chembe za moshi ni ndogo mno kuzuia joto linalotoka ardhini. Hupita kana kwamba hapana kitu. Kinachosaidia kidogo ni moto wenyewe, tena mioto mingi midogo, kwa maana moto mmoja mkubwa hupeleka joto lote juu kama bomba la moshi na kuvuta hewa baridi kutoka pembeni ije bustanini. Asubuhi moshi huo huchelewesha jua kupasha ardhi. Moshi wa matairi ni sumu kwa watoto na kwa mboga zenyewe.

Matandazo ni suala la kuangalia kwa makini, kwa sababu ushauri mzuri wa kiangazi hapa hugeuka. Nyasi zilizotandikwa chini ya mmea hukinga udongo usipate jua mchana na usitoe joto usiku. Uso wa nyasi hizo huwa baridi kuliko udongo mtupu, na haragwe lililosimama juu yake hupigwa mapema kuliko la jirani aliyepalilia pakabaki peupe. Wiki za hatari, sogeza nyasi kando ya mistari ya mimea laini. Lakini nyasi hizo hizo, zikiwa kavu na zikirushwa juu ya mmea jioni hadi ufunikwe wote, zinakuwa blanketi. Chini ya mmea zinadhuru. Juu yake zinaokoa. Vitunguu saumu na karoti ziachie matandazo yake, hazina shida hiyo.

Mahali na kalenda, kabla ya kununua chochote

Hewa baridi ni nzito na hutiririka kama maji. Hushuka mteremko polepole, hutuama bondeni, na hukwama nyuma ya ua. Vinyungu vya Iringa na Njombe, ambavyo hulimwa kiangazi kwa sababu bonde lina unyevu, viko pale pale hewa hiyo inapokusanyika. Udongo wao mbichi huwasaidia kidogo, lakini nyanya ya kinyungu mwezi wa Julai imepandwa njiani mwa jalidi. Kinachofaa huko ni viazi mviringo vilivyopangwa kuchipua baada ya wiki mbaya kupita, pamoja na kabichi na njegere.

Kabla ya kuhamisha tuta, pima bustani yako kwa sahani. Chukua sahani tano za bati zisizo na kina, weka kila moja juu ya nyasi kavu zilizorundikwa kama kiota ili zisipate joto la ardhi, mimina maji ya kina cha sentimita 1, uzisambaze: karibu na nyumba, katikati, kwenye ua wa chini, chini ya mti, pembeni mwa choo. Zitazame saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijagusa. Utakuta nyingine zimetanda utando wa barafu unaoweza kuunyanyua kwa kidole kama kioo chembamba, na nyingine ni maji matupu. Rudia asubuhi tatu au nne. Pasipoganda ndipo pa pilipili hoho na nyanya. Panapoganda kila mara peleka sukuma wiki.

Mara nyingi sahani iliyo karibu na ukuta wa nyumba, upande unaopata jua la alasiri, ndiyo hubaki maji. Ukuta wa tofali au jiwe hutoa joto usiku, na upenu wa bati huziba sehemu ya anga. Kama ua wa michongoma umeziba upande wa chini wa bustani, kata mlango wa nusu mita chini kabisa ili hewa baridi itoke. Upande wa juu acha ua uwe mzito.

Usitegemee weupe pekee kama alama. Hewa ikiwa kavu sana, mmea huganda bila chembe nyeupe kuonekana, na hiyo ndiyo inayowashtua watu: asubuhi hakuna kitu, mchana mstari mzima umeungua.

Chagua kwa hali yako

Ukiwa na tuta moja au mawili na mtu wa kufunika kila jioni, chukua shuka juu ya fito na uloweshe ardhi mchana. Hapo umeongeza nyuzi 3 hivi, na usiku mwingi wa jalidi ya kwetu haushuki zaidi ya hapo kwenye usawa wa mimea. Ongeza nailoni ya juu kama uko mahali kama Kitulo, Tanzania, ambako uwanda unafika mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku mmoja wa jalidi hufuatwa na mwingine.

Kama jioni hakuna mtu nyumbani, usinunue kifuniko chochote. Kifuniko kilichosahaulika ni hasara mara mbili. Badilisha mazao. Maharage, nyanya, hoho, matango, maboga, zukini, mchicha, mnavu na kunde huharibika kati ya nyuzi 0 na 2 chini yake. Kabichi, sukuma wiki, vitunguu, liki, karoti, bitiruti na spinachi hustahimili nyuzi kadhaa chini ya 0, na karoti huzidi utamu. Njegere iko katikati: majani yake huvumilia, maua na maganda machanga hapana.

Ukiwa na viazi vilivyotoka ardhini sentimita 5 hadi 10, kinga yake haina gharama. Jioni vuta udongo kwa jembe la mkono uvifukie kabisa. Vitatoka tena baada ya siku chache bila kovu.

Na kama unapenda kukuza kwa CAN, mbolea yenye naitrojeni, acha kuiweka wiki tatu kabla ya msimu wa jalidi. Naitrojeni hutoa majani mapya, laini, yenye maji mengi, nayo ndiyo huanza kuganda.

Ikiwa umechelewa

Usikate kitu siku hiyo. Majani meusi yaliyobaki hukinga yaliyo chini yake usiku unaofuata, nawe hujui bado shina limekufa hadi wapi. Subiri wiki moja, kisha kwaruza gome kwa ukucha kutoka juu kwenda chini: pakiwa kahawia na majimaji pamekufa, pakiwa kijani pa hai. Kata hapo. Nyanya iliyoungua juu tu huchipua kutoka chini, ingawa mavuno yatachelewa. Haragwe na zukini zikiungua hadi kwenye kikonyo, ng'oa upande kingine. Nyanya kubwa za kijani ambazo hazikuganda zichume zikaivie ndani. Zilizoganda huwa na ngozi iliyofifia kama iliyoloweshwa, huoza ndani ya siku mbili, usizichanganye na nzima kwenye kikapu kimoja.

Viazi ambavyo mashina yake yameungua vikiwa vimeshaweka mizizi yenye ukubwa wa kuvuna, viache ardhini siku 10 hadi 14 ngozi ikomae. Paka udongo juu ya nyufa za tuta ili jua lisivifikie vikageuka kijani, kisha chimba siku kavu.